Sosaku-hanga dhahania ni nini?

Sosaku-hanga ni picha za chapa za Kijapani ambazo msanii mmoja anazichora, anazichonga ubaoni na kuzichapa kwa mkono wake mwenyewe. Sharti hilo linaonekana dogo mpaka ujue kazi ilivyogawanywa zamani. Picha za ukiyo-e, chapa za mbao za Kijapani za kale, zilipitia kwa mchapishaji aliyetoa fedha, mchoraji, mchongaji na mchapaji. Hata Hokusai, mchoraji mashuhuri wa ukiyo-e, alikabidhi mchoro, wengine wakamalizia.

Mwaka 1904 Yamamoto Kanae alichonga na kuchapa peke yake picha ya mvuvi, na wengi huanza kuhesabu hapo. Chama cha wasanii wa mkondo huu kiliundwa mwaka 1918.

Waliovuka kwenda kwenye udhahania, yaani picha zisizoiga kitu chochote halisi, waliongozwa na Onchi Koshiro (1891–1955). Mwaka 1915 alichapa Akarui Toki, picha ya maumbo na rangi, isiyokusudia kuonyesha mtu wala mlima. Sidhani ilitokea kwa bahati tu. Mchongaji wa kuajiriwa alilipwa ili afuate mstari wa mwenzake bila kukosea. Anayechonga picha yake mwenyewe ana ruhusa ya kugeuza nia katikati ya kazi, au kuacha mishipa ya mbao ijichape.

Uchapaji wenyewe hauna mashine. Karatasi ya washi (karatasi ya jadi ya Kijapani) yenye unyevu hulazwa juu ya ubao uliopakwa rangi, kisha mgongo wake husuguliwa kwa bareni, kisahani bapa kilichofunikwa kwa ganda la mwanzi. Ukikaza mkono rangi inazama ndani ya karatasi. Ukilegeza inakaa madoadoa. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Onchi hakutosheka na ubao: alipaka rangi kamba, majani, hata vipande vya kitambaa, akavichapa. Vitu hivyo havivumilii kurudiwa mara nyingi, naye hakujali. Picha nyingi za aina hiyo alizitoa nakala chache mno, na sehemu kubwa zikanunuliwa na Wamarekani waliokuwa Japani wakati huo.

Sharti nalo lililegezwa. Picha yake mashuhuri ya mwaka 1943, sura ya mshairi Hagiwara Sakutaro (hiyo si dhahania), ilichapwa tena na Sekino Jun'ichiro kwa sababu nakala za Onchi mwenyewe hazikutosha. Kwa hiyo ukikutana na kazi ya Onchi mnadani, usiishie kwenye jina la msanii; uliza pia nani aliyeichapa.