Je, wajua kwa nini mfumo wa vyama vingi haujaing'oa NRM, chama tawala cha Uganda?

Ukitaka kuuza kiwanja Busia ya Uganda, kuomba kitambulisho cha taifa au kumwekea ndugu yako dhamana, utaambiwa kwanza upate barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Historia ya muhuri wake inajibu nusu ya swali hili.

Mabaraza hayo yalizaliwa katika vita vya msituni, vilivyomwingiza Rais Yoweri Museveni na NRM yake madarakani Januari 1986. NRM ikayaeneza nchi nzima. Yenyewe haikujiita chama bali mfumo, na kisheria kila raia akahesabiwa humo, apende asipende. Vyama vya DP na UPC, vilivyokuwepo kabla ya uhuru wa 1962, vilibaki na majina yao, ila katiba ya 1995 ilivizuia kufungua matawi, kufanya mikutano ya hadhara na kusimamisha wagombea.

Kura ya maoni ya Julai 2005 ikarudisha vyama vingi. Vyama vingine vilianza kutafuta watu vijijini. NRM ilikuwa huko tayari. Wenyeviti wa LC1 waliochaguliwa 2001, enzi za mfumo usio na vyama, walikaa vitini hadi 2018! Marekebisho ya katiba ya 2005 pia yaliondoa ukomo wa mihula miwili ya rais. (Humo humo Kiswahili kikafanywa lugha rasmi ya pili. Kapu moja, mboga na miiba.) Ukomo wa umri wa rais, miaka 75, nao ukaondolewa 2017.

Je, hakuna tumaini? Lipo, ila halikai mahali pamoja. Mwaka 2021 NUP, chama cha mwanamuziki Bobi Wine, ilizoa Buganda, eneo la kati, na huko huko makamu wa rais wa wakati huo, Edward Ssekandi, akapoteza kiti cha ubunge kwa mgombea wa DP, ingawa Museveni alitangazwa mshindi kwa asilimia 58. Kwingineko vita vikali huwa kwenye kura za mchujo za NRM: anayeshindwa husimama kama mgombea binafsi, na wapo wanaowaangusha wagombea wa chama. Wapiga kura wanajua kumwondoa mtu, hata pale ambapo chama hakiondoki.

Kijijini ndiko kugumu zaidi. Uchaguzi wa LC1 wa 2018 haukuwa wa siri. Watu walipanga mstari nyuma ya mgombea, mchana kweupe. Jirani zako wote wanaona umesimama nyuma ya nani, na wiki ijayo unabisha hodi kwa mshindi kuomba barua.