Kivuli hakiji chenyewe: kupaka rangi vijisanamu vya zamani vya Warhammer

Warhammer ni mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa majeshi ya vijisanamu, na kijisanamu chake cha umbo la mtu mzima kina urefu wa milimita 28 hivi. Mikunjo ya joho lake haifiki kina cha milimita mbili. Kikisimama chini ya taa ya sebuleni, mwanga unakizunguka kila upande na kuingia hadi ndani ya mikunjo, na vile vivuli ambavyo joho la kweli lingekuwa navyo havionekani. Ndiyo maana kijisanamu kilichopakwa nyekundu tupu kwenye joho na kijani tupu kwenye ngozi huonekana bapa kikiwa mezani, hata kama aliyekipaka ana mkono mtulivu kuliko wote. Kazi kubwa ya mpakaji ni kukirudishia kwa brashi mwanga na kivuli ambavyo udogo wake umekinyima.

Wanaoniandikia huulizia zaidi chapa za rangi. Chapa nzuri ni nyingi, Citadel na Vallejo zikiwemo, na zote ni akriliki zinazochanganyika na maji. Ninachowaomba kwanza ni kupiga picha kazi yao kwa simu, kisha waigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Kama uso, joho na ngao vyote vimegeuka kijivu kilekile, basi tatizo liko kwenye mwanga na giza, na hakuna chupa mpya itakayolitibu.

Mimi ninavyovipenda zaidi ni vijisanamu vya madini vya miaka ya 1980. Citadel Miniatures, kampuni iliyovitengeneza, ilianzishwa mwaka 1979 huko Newark, Uingereza, na Bryan Ansell kwa kushirikiana na kampuni ya michezo ya Games Workshop. Mchezo wenyewe wa Warhammer ukatoka mwaka 1983. Miongoni mwa wachongaji wa enzi hizo walikuwemo mapacha Michael na Alan Perry. Mwaka 1996 Michael alipoteza mkono wake wa kulia kwenye ajali ya mzinga wa vita, akajifunza kuchonga kwa kushoto, na kazi yake ikaendelea. Ninapoishika sanamu yoyote ya mapacha hao naiona ile nia ya mtu anayetaka kila kidole kiwe na sababu ya kukunjwa kilivyokunjwa.

Inafaa kujua jinsi vilivyotengenezwa, kwa sababu kunaeleza makovu utakayoyakuta. Mchongaji aliumba umbo la kwanza kwa puti ya epoksi, ile ya bluu na ya njano zinazokandwa pamoja zikawa kijani. Maumbo yalipangwa kati ya visahani viwili vya mpira mbichi, vikabanwa na kupashwa moto hadi mpira ukakomaa na kuwa kalibu. Kalibu ikafungwa kwenye mashine ya kuzungusha, madini yaliyoyeyuka yakamiminwa katikati, na ule mzunguko ndio ulioyasukuma mpaka kwenye ncha ya pua na makali ya shoka. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, bati kwenye 232, na ukizichanganya kwa kipimo kizuri mchanganyiko huyeyuka chini ya zote mbili. Hivyo mpira uliweza kustahimili.

Pale pande mbili za kalibu zilipokutana hubaki mstari mwembamba unaopita begani, ubavuni na mguuni. Uondoe kabla ya kitu kingine chochote, kwa kisu na tupa ndogo, maana rangi haiufichi: inauonyesha zaidi. Na kwa kuwa ndani mna risasi, piga tupa ukiwa umelowesha sanamu ili vumbi lisipeperuke, vaa glavu, usifanyie kazi hiyo kwenye meza ya chakula, na watoto wakae mbali. Hilo silifanyii mzaha hata kidogo.

Sasa tuchukue orki mmoja, jitu la kijani la hadithi za kubuni, mwenye joho jekundu. Kabla ya kufungua rangi naamua mwanga unatoka wapi. Mara nyingi naupitisha juu, upande wa kushoto wa uso wake. Kisha napaka joho lote nyekundu ya kati, tabaka mbili, rangi ikiwa nyepesi kama maziwa. Kwa kivuli sitii nyeusi, kwa sababu nyeusi huiua nyekundu na kuacha rangi ya masizi. Natia kijani kilichokolea, tone dogo tu. Nyekundu na kijani huvunjana nguvu, ukapata hudhurungi nzito ambayo bado ina damu ndani yake. Hiyo naipaka kwenye sehemu ya kila mkunjo inayotazama chini, na upande wa kulia wote naupa zaidi.

Kwa mwanga nako sitii nyeupe, maana nyekundu na nyeupe ni waridi, na joho litaonekana limefuliwa sana. Natumia rangi ya chungwa. Naiongeza kidogo kidogo, kila safari nikipunguza eneo, hadi mwisho inabaki mistari myembamba juu ya migongo ya mikunjo na alama moja angavu begani, pale mwanga unapogonga moja kwa moja. Mistari hiyo naichora kwa ubavu wa brashi, siyo kwa ncha. Ubavu unafuata ukingo wenyewe na mkono hauhitaji kulenga. Ngozi ya kijani inafuata njia hiyohiyo: bluu iliyokolea kwenye vivuli, njano kwenye mwanga. Kisha wekundu kidogo kwenye mdomo wa chini na puani, na papo hapo uso unakuwa na uhai, kwa kuwa hakuna kinachoonekana kwenye kijani kama nyekundu.

Kuna rangi za majimaji zinazotiririka zenyewe hadi kwenye mashimo, na tangu mwaka 2019 Citadel wanazo zile za Contrast zinazofanya msingi na kivuli kwa tabaka moja. Kwa anayetaka jeshi zima liwe tayari kuchezwa, ni msaada mkubwa na nazisifu. Ila zijue tabia: zinatia giza penye kina, wala hazijui mwanga unatoka wapi. Bega pana lisilo na shimo litabaki bila kivuli, na tundu lililo juu ya kofia, ambalo jua lingelipiga, litakuwa jeusi. Baada ya kuzitumia, rudi na brashi urekebishe. Ukitazama picha za kazi zilizoshinda Golden Demon, mashindano yaliyoanza Uingereza mwaka 1987 na ambayo mshindi wake mkuu hukabidhiwa upanga, anza kwa kutafuta taa ya kubuni ya mpakaji iko wapi. Ukiipata, utaelewa kila uamuzi wake mwingine.

Brashi: wengi hukimbilia ile ndogo kabisa, namba 000. Chukua namba 1 yenye ncha kali, ikiwezekana ya manyoya ya kolinsky, mnyama mdogo wa Siberia. Ile ndogo inabeba rangi kiduchu, nayo hukauka kabla haijafika usoni, hasa kwa sisi wa joto. Rangi ziweke kwenye kisahani chenye sponji iliyoloweshwa na karatasi ya kuokea juu yake. Zitakaa mbichi kwa saa nyingi. Sponji ioshe kila mara, la sivyo itaota ukungu.

Na walio Mombasa, Unguja, Dar au Maskati: undakoti, yaani rangi ya kwanza ya kushikia nyingine, ikiwa ya kopo la kupuliza ni mtihani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi rangi hutua na chembechembe, na vanishi ya kupuliza huweka ukungu mweupe juu ya kazi iliyokamilika. Isitoshe, makopo ya kupuliza ni mizigo ya hatari, kwa hiyo kuyaagiza kwa ndege ni usumbufu mtupu. Nunua undakoti ya chupa, ipake kwa brashi laini, nyepesi, uiache ikauke usiku kucha.

Kwa wanaokusanya. Sanamu nyingi kuanzia katikati ya miaka ya 1980 zina kipande bapa chini ya miguu kinachoingia kwenye ufa wa kitako cha plastiki, na mara nyingi juu yake pamepigwa jina na mwaka. Mwaka huo ni wa usanifu, siyo wa siku ilipomiminwa. Katika miaka ya 1990 makampuni yaliiacha risasi kwa hofu ya sumu yake, yakahamia aloi zisizo nayo. Ya risasi ni nzito zaidi, shoka lake hupinda kwa kidole, na madini yakiwa wazi huacha alama ya kijivu kwenye karatasi. Nakala za kughushi hutoka kwenye kalibu iliyotengenezwa kwa sanamu iliyokwisha miminwa, hivyo huwa zimesinyaa kidogo na nywele na pete za minyororo zimefifia. Ziweke kando ya zile za asili, utaona.

Adui mkubwa wa risasi ni kabati zuri. Mbao, hasa za mwaloni, hutoa mvuke wa asidi ya asetiki, ile ya kwenye siki, na ndani ya kabati lililofungwa mvuke huo huila risasi na kuigeuza unga mweupe wa kaboneti. Unga huo ni sumu. Weka sanamu kwenye kabati la kioo na chuma, lenye kupitisha hewa, na zisizopakwa zipige undakoti mapema.

Ukinunua iliyopakwa na mtu mwingine zamani, usikimbilie kuivua. Kama aliifanya kwa uangalifu, mimi naiacha, hata kama mtindo umepitwa. Hiyo nayo ni kumbukumbu ya namna watu walivyopaka. Iliyozama kwenye rangi nzito ndiyo naitia kwenye asetoni, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, kisha naisugua kwa mswaki wa zamani. Kitako kichomoe kwanza, na sanamu za plastiki usizitumbukize humo kabisa, kwa sababu asetoni inaziyeyusha.