ADN ya pembe ya tembo hujibu swali gani?

Kila habari za pembe zilizokamatwa zinapofika Goma, hakosekani mtu wa kusema kwa uhakika kwamba labo (maabara) itapima ADN, yaani DNA, chembe za urithi, na mwindaji atajulikana. Uchunguzi huo ni kulinganisha chembe za urithi zilizotolewa katika nyama, pembe, magamba au damu na zile za wanyama ambao tayari wanajulikana. Kwa kawaida, basi, anayetambuliwa ni mnyama, wala si aliyemuua.

Hata kuhusu mnyama mwenyewe, maswali matatu huchanganywa ovyo. La kwanza ni la aina yake, na ndilo jepesi: nyama iliyokaushwa kwa moshi, isiyo na ngozi wala kwato, muuzaji anaweza kuapa kwamba ni ya mbuzi, lakini kipande kifupi cha ADN ya mitokondria (sehemu ndogo sana ndani ya seli), ambayo mnyama huirithi kwa mama peke yake, kitaonyesha kama ni ya sokwe.

La pili ni la asili, na hapa ndipo tunapokosea zaidi, kwa kuwa tunadhani pembe iliyokamatwa bandarini Mombasa lazima iwe ya tembo wa Kenya. Samuel Wasser wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, pamoja na wenzake, walitumia sampuli, nyingi zikiwa za kinyesi cha tembo kutoka pande nyingi za Afrika, kuchora ramani ya tofauti zao za kurithi. Kipande kidogo cha pembe hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika, kikasagwa kuwa unga, kisha ADN yake ikatafutiwa mahali kwenye ramani hiyo. Mwaka 2015 walionyesha kwamba shehena kubwa za miaka ya karibuni zilitoka hasa katika maeneo mawili: kusini mashariki mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji kwa tembo wa savana, na kwa tembo wa msitu, eneo linalounganisha Gabon, Kongo-Brazzaville na Kameruni. Sisi wa mashariki mwa Kongo tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu, maana tembo wa savana na wa msitu wamezaliana huku kwetu, na mitokondria pekee, kwa kuwa haisemi lolote juu ya baba, inaweza kupotosha.

La tatu ni la mnyama mmoja mahususi. Mwaka 2018 Wasser na wenzake walieleza jinsi pembe mbili za tembo mmoja zilivyokutwa katika shehena tofauti zilizopitia bandari ileile, jambo lililosaidia kuunganisha shehena hizo na mitandao ya magendo ya Mombasa, Entebbe (Uganda) na Lomé (Togo). Afrika Kusini, labo ya Chuo Kikuu cha Pretoria hulinganisha pembe za faru na mizoga, na ushahidi huo umewafunga watu.

Hapo ndipo mwindaji anapokaribiwa, lakini kwa njia ya vitu alivyokutwa navyo. Kwa hiyo tukisikia panga lenye damu limepelekwa labo, tuulize kwanza kama mzoga nao ulichukuliwa sampuli. Usipokuwepo, labo itaweza kusema damu ni ya tembo, lakini haitaweza kusema ni ya tembo yule.