Jiwe la Mugere na Dhana Nyingine Tunazoletewa Kutoka Burundi

Takriban kila kundi la wageni linaloingia Ujiji likitokea Bujumbura huja na swali lile lile, tena kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupata jibu: mbona mnadai kwamba Livingstone na Stanley walikutana hapa, ilhali jiwe la kukutana kwao liko Mugere? Sisi waongoza watalii wa Kigoma tumelijibu hadi tumechoka, na sasa nalijibu kwa maandishi.

Jiwe hilo lipo kweli, kusini kidogo mwa Bujumbura, nalo limechorwa majina ya wote wawili pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Kwa hesabu ya Stanley mwenyewe, alimkuta Livingstone Ujiji tarehe 10 Novemba mwaka huo huo, kwa hiyo jiwe lenyewe, lau lingesomwa badala ya kupigwa picha tu, lingetosha kuikanusha hadithi inayosimuliwa kando yake. Isitoshe, Stanley alitoka Bagamoyo kupitia Tabora, na kwa kuwa vita vya Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, vilikuwa vimefunga njia ya kawaida, alilazimika kuzungukia kusini ndipo apande kuja Ujiji. Msafara wa namna hiyo ungefikaje Mugere, kule kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, kabla ya kufika kwetu? Walikwenda huko baadaye, wakiwa pamoja, kwa mtumbwi ulioondokea Ujiji, kwa sababu walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani na kuelekea Nile au unaingia. Walikuta unaingia. Mugere walilala siku mbili tu, na mwezi Desemba walikuwa wamerudi Ujiji. Warundi wa Imbo, tambarare ya kando ya ziwa, wana haki ya kujivunia ziara hiyo, ila ziara si makutano. Kwa hiyo nashauri, na sitaacha kushauri, kwamba mgeni aanze Ujiji ndipo aende Mugere, ayaone mambo kwa mfuatano wake.

Nasi wa Ujiji tusijione watakatifu. Wapo miongoni mwetu wanaowaambia watoto kwamba Livingstone alifia hapa, ilhali alifia kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwaka 1873.

Watu wa Bururi, kusini mwa Burundi, nao hubishiwa bila sababu kuhusu piramidi ya Rutovu, iliyojengwa mwaka 1938 kuonyesha chanzo cha Nile. Mgeni aliyefika Jinja, Uganda, huwacheka, akisema Nile inaanzia kule. Jinja ndipo Nile inapotoka Ziwa Victoria. Rutovu ni chemchemi ya kusini kabisa ya maji yanayoingia ziwa hilo kupitia Ruvubu na Kagera. Madai yote mawili yanasimama.

Kwamba Kiswahili cha Bujumbura kimeletwa juzi na wakimbizi waliorejea kutoka kambi za mkoani kwetu ni dhana ya kupuuzwa: Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za ukoloni.

Gitega, wanakojivunia ngoma za kifalme za Gishora, ndiyo makao makuu ya kisiasa tangu uamuzi wa mwishoni mwa 2018. Mfanyabiashara wa Kigoma asibadili safari kwa sababu hiyo, maana Gitega iko milimani na meli za mizigo bado zinatia nanga Bujumbura.