Malengo ya Januari, hesabu ya masika

Katika mkesha wa mwaka mpya watu huandika malengo yao kwenye karatasi, wakayapeleka madhabahuni, tukayaombea. Kazi yangu ni ushauri wa kichungaji hapa Unguja, na wengi ninaokaa nao ni wafanyakazi wa hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje, waliokuja kutoka bara kutafuta riziki. Tukizifungua karatasi zile mwezi wa Mei, zimeshageuka hati za mashtaka: kiwanja hakijanunuliwa, ada ya skuli imeliwa, Mungu kanyamaza.

Mimi siamini kuwa shida ni uhaba wa imani. Januari ni msimu. Wageni wamejaa, tipu zinaingia, na mtu anapima mwaka mzima kwa kipato cha mwezi huo. Mvua za masika zikianza Machi, baadhi ya hoteli hufunga mpaka Juni, na wapo wanaopewa likizo bila malipo. Masika huja kila mwaka, lakini kwenye karatasi haikuwamo.

Ndiyo maana naanza na shukrani. Wengine hudhani nawaliwaza, kumbe natafuta hesabu. Zaburi 103:2 inaiambia nafsi isizisahau fadhili za Bwana zote, na binadamu asiyeandika husahau upesi. Basi namwomba mtu aandike masika iliyopita alikula nini. Mwenye nyumba alimvumilia kodi ya miezi mingapi? Duka gani lilimkopesha unga na mafuta? Zamu ya upatu ilimfikia lini, na nani alimpisha zamu yake? Nani alikwenda naye hospitali ya Mnazi Mmoja usiku mtoto alipopandwa na homa? Majina yanatoka mengi, na mara nyingi la jirani Mwislamu limo. Hapo lengo lenyewe huanza kubadilika. Aliyekuja na kiwanja huondoka na jambo la karibu zaidi: kufikia mwisho wa Februari awe na akiba ya chakula na kodi ya miezi mitatu, na deni la dukani liwe limekwisha. Kiwanja hakijafutwa, kinangoja zamu yake.

Nehemia wa Agano la Kale, mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi, ndiye mwalimu wangu katika hili. Habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka zinamfikia mwezi wa Kisleu. Analia, anafunga, anaomba. Kwa mfalme anasema mwezi wa Nisani, yaani kiasi cha miezi minne baadaye, na anapoulizwa hababaiki. Anataja muda atakaokuwa safarini, anaomba barua kwa maliwali, na nyingine kwa Asafu, mwenye kutunza msitu, ili apewe miti. Akishafika, anazunguka usiku kuukagua ukuta kabla hajamwambia mtu. Wahubiri wengi hupenda zile siku 52 ukuta ulipomalizika. Mimi hukaa zaidi kwenye sura ya 12, ambako anayapandisha makundi mawili makubwa ya kushukuru juu ya ukuta uleule, moja likielekea huku na jingine kule. Hata shukrani aliipangia njia ya kupita.

Huku kwetu kila ahadi huenda na Inshallah, nasi Wakristo tumeizoea, hata nyumbani kwangu. Yakobo naye, katika waraka wake, anataka tuseme, "Bwana akipenda." Lakini ukimsoma vizuri, anachomkemea mfanyabiashara wa sura ya 4 ni majivuno, hamkemei kwa kupanga safari ya mwaka. Na Yesu katika Luka 14:28 anamtaka anayejenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama. Wapo wanaouficha uvivu wao nyuma ya neno "Mungu akipenda", na hao hunichosha kidogo. Hunichosha zaidi anayetoa sadaka ya shukrani kwa jambo ambalo hajapata, ili alipate haraka. Hiyo ni hongo.

Halafu kuna lengo lililotimia nusu. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Mji Mkongwe, lilianza kujengwa mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na Askofu Edward Steere aliyelisimamia alifariki mwaka 1882, akazikwa nyuma ya madhabahu. Ndani zimo nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kuwa mafundi waliziweka hivyo askofu akiwa hayupo. Zipo mpaka leo, na watu wanasali. Kwa hiyo mtu aliyetaka akiba ya miezi mitatu akapata ya mwezi mmoja, simruhusu aikate kwa kalamu nyekundu. Aandike mwezi mmoja, ashukuru kwa huo, kisha tutazame ile miwili ilipotelea wapi.

Nimewaomba wazee wa kanisa malengo yaandikwe Juni, masika ikiwa bado mwilini na msimu ndio unafunguka. Wanasema mkesha ndio hujaza kanisa, na ni kweli. Tumekubaliana kuandika Juni, kuombea Januari.