Kompyuta inadai ufunguo: ufunguo wenyewe uko kwa nani?

"Fundi, kompyuta imejifunga yenyewe. Ni virusi?" Swali hili naletewa kila mara, na mara nyingi jibu ni hapana. Kabla sijagusa kitufe chochote, nami huuliza langu: ufunguo uko kwa nani? Ujumbe wa usimbaji, yaani kufungwa kwa faili kwa ufunguo wa siri, unaozuka ghafla kwenye kompyuta ya nyumbani unaweza kuwa wa Windows yenyewe au wa mwizi, na jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama faili zako zitaonekana tena.

Siku hizi ninayokutana nayo zaidi ni skrini ya bluu ya BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima. Inatokea kabla Windows haijafunguka, ikidai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48, mafungu 8 ya tarakimu 6. Mwenye kompyuta anaapa hajawahi kuwasha kitu cha namna hiyo, na anasema kweli. Windows 11 huisimba diski yenyewe wakati kompyuta inaandaliwa, hata ile ya Home, toleo la matumizi ya nyumbani. Toleo la 24H2 la mwaka 2024 lililegeza masharti, kwa hiyo mashine nyingi zaidi zimeingia humo. Lakini kufuli halikazwi mpaka msimamizi wa kompyuta aingie kwa akaunti ya Microsoft. Akishaingia, ufunguo unapakiwa kwenye akaunti hiyo aliyoitumia.

Sasa fikiria laptop zinavyouzwa kwetu. Kijana wa dukani anaiwasha ili mteja aridhike kwamba inafanya kazi. Windows inang'ang'ania barua pepe, foleni ni ndefu, basi anaingiza ya kwake, au anatunga mpya palepale na jioni ameshaisahau. Mteja anaondoka na kompyuta, ufunguo unabaki kwenye akaunti ya mtu mwingine. Inaweza kupita hata miaka bila mtu kujua.

Kinachoamsha dai hilo ni chipu ya usalama iitwayo TPM. Kila kompyuta inapowaka, chipu hupima jinsi ilivyowaka, na ikiona mambo yale yale, huifungua diski kimyakimya. Ukisasisha BIOS (programu inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), ukizima Secure Boot (ulinzi wa hatua hiyo ya kuwaka), ukibadilisha ubao mama, vipimo havilingani na chipu inagoma. Wakati mwingine wewe hujafanya lolote: Julai 2024 sasisho la usalama la Microsoft lilizifanya baadhi ya kompyuta zidai ufunguo, na marekebisho yakatolewa Agosti.

Kwenye skrini hiyo hiyo utaona kitambulisho cha ufunguo. Andika herufi na namba zake 8 za mwanzo. Kwa simu, fungua aka.ms/myrecoverykey, ingia kwa akaunti iliyoiandaa kompyuta, tafuta ufunguo ambao kitambulisho chake kinaanza hivyo hivyo. Akaunti ikiwa ya muuzaji, mpigie. Kwake ni kazi ya dakika chache. Kama kompyuta iliwahi kuunganishwa na akaunti ya kazini au chuoni, waulize watu wa TEHAMA wa huko. Usipoupata popote, hata Microsoft hawana wa kukupa. Kompyuta itapona kwa kupigwa Windows upya, faili ndiyo basi tena. Fundi anayekuambia ataivunja BitLocker kwa programu yake ya siri, muage.

Ujumbe wa pili ni mpole, na kwa sababu ya upole wake watu huupuuza. Ni kidirisha kidogo pembeni mwa saa kinachokuomba uhifadhi nakala ya ufunguo wa usimbaji wa faili. Huo ni mfumo wa EFS, uliopo tangu Windows 2000, nao husimba faili moja moja au folda badala ya diski nzima. Matoleo ya Home hayakupi njia ya kuuwasha. Kwenye Pro, toleo la kazini, mtoto akichezea sifa za folda (Properties) na kutia alama kwenye kisanduku kimoja, tayari. Hata faili la zip lililotengenezwa kwenye Mac likifunguliwa kwenye Windows linaweza kutoa faili zilizosimbwa bila mtu kuomba.

Ufunguo wa EFS umo ndani ya kompyuta yako, kwenye akaunti yako ya mtumiaji. Ukipiga Windows upya bila kuuhifadhi, umejifungia nje mwenyewe. Andika cipher /u /n kwenye kidirisha cha amri (Command Prompt), uone ni faili gani zimesimbwa. Kama hukukusudia, rudi kwenye sifa za folda uondoe alama. Kama unazitaka zibaki hivyo, kubali ombi la kile kidirisha cha pembeni mwa saa, uweke faili la ufunguo kwenye flashi pamoja na nenosiri utakalolikumbuka.

Ujumbe wa tatu, ule wa mwizi, hujificha vibaya: majina ya faili yameongezewa mkia usioujua, na kuna barua inayodai bitcoin. Zima Wi-Fi, chomoa diski za nje, usifute kitu. Jaribu nomoreransom.org, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta. Kwa baadhi ya virusi hivi wana funguo za bure. Skrini inayopiga kelele na kukupa namba ya simu, mara nyingi ni ukurasa wa kivinjari tu. Bonyeza Alt na F4.

Ikiwa leo kompyuta yako bado inafunguka, fungua kidirisha cha amri kama msimamizi, uandike manage-bde -protectors -get C: kisha Enter. Zikitokea tarakimu 48, zinakili kwenye karatasi, na karatasi isikae kwenye begi la laptop. Siku ya kusasisha BIOS, tanguliza manage-bde -protectors -disable C: ili kufuli lilegee kwa muda; Windows ikiwaka tena, litajikaza lenyewe.