Kudhibiti hasira siyo dawa ya anayempiga mkewe

Juzi nimesikia tena, nadhani mara ya kumi sasa, mtu anamtetea jamaa anayempiga mkewe: "ah, si kashaanza darasa la kudhibiti hasira, atakaa sawa tu." Na watu wakaitikia eti afadhali. Nikabaki nasaga meno.

Kwa kifupi, darasa la hasira ni la mtu anayewaka popote, kwa bosi, barabarani, kwenye foleni, anafundishwa kuijua hasira ikianza kupanda, avute pumzi, atoke kwanza, mara nyingi vipindi 8 hadi 12 na kwisha. Programu ya ukatili wa nyumbani ni ya mtu anayemuumiza mwenza wake na huwa ndefu, California kwa mfano sheria inataka angalau wiki 52. Haya.

Sasa kinachoniudhi ni hilo neno kudhibiti. Asili yake Kiarabu, kukishika kitu barabara kisikutoke. Kwahiyo ukisema jamaa ajifunze kudhibiti hasira maana yake kuna kitu kilimponyoka. Ila hebu mwangalie vizuri. Bosi kamtukana mbele za watu, kanyamaza. Polisi kamsimamisha, "ndio mkuu". Akifika nyumbani anafunga mlango, anashusha pazia, ndo anapiga, tena mgongoni na mapajani ambako nguo itafunika, na jirani akigonga anafungua anacheka, karibu sana. Hapo kimemponyoka nini? Huyo anadhibiti kuliko sisi wote! Simu ya mke anaikagua yeye, hela anashika yeye, mke kwenda kwa mama yake mpaka aombe ruhusa, na hayo yote anayafanya akiwa hajakasirika hata kidogo.

Mwaka 1984 huko Duluth, Minnesota, Marekani, watu wa programu moja ya ukatili wa nyumbani waliwasikiliza wanawake waliopitia hayo, wakachora gurudumu, katikati wakaandika nguvu na udhibiti. Kuna vitisho, kuna kumtenga mtu na ndugu zake, kuna kutumia watoto, kuna kumbana kwa hela. Hasira haimo hata kwenye spoku moja.

Ndo maana kwenye programu za aina hiyo swali siyo ulikasirika kiasi gani, swali ni ulitaka afanye nini. Akijibu "alinichokoza" hawamwachii hapo. Na nyingi zinawasiliana na mke pembeni kujua kama yuko salama, maana ukimuuliza mume mwenyewe kila wiki ni shwari, na akikacha vipindi mahakama iliyompeleka inaambiwa. (Sisemi zinamponya kila mtu, matokeo yake yanabishaniwa mpaka leo.) Darasa la hasira kwa kawaida halina hayo, mke anabaki na matumaini tu, na mume anatoka na silaha mpya: ameambiwa akipandwa atoke apoe, basi anatoka siku mbili na funguo na hela zote, akirudi anasema nilikuwa nafanya nilichofundishwa.

Kwahiyo ndugu yangu, ukiambiwa jamaa kapelekwa darasani, uliza taratibu tu, huko kuna mtu anayeongea na mkewe? Kama hakuna, tusiseme yuko kwenye programu ya ukatili. Yuko darasa la hasira, ni kitu kingine.